Uchapaji wa mbao wa Kijapani: anza na maji, visu baadaye

Watu wanaoniuliza kuhusu mokuhanga, ule uchapaji wa picha wa Kijapani kwa mbao zilizochongwa, karibu wote huanza na visu. Ninunue kisu gani, patasi ngapi, bei gani. Siwalaumu, maana hata mimi niliingia kwa mlango huo huo. Nilifika Kyoto na mfuko wa patasi za marehemu mjomba wangu, fundi wa milango Unguja, nikiamini nusu ya kazi ninaijua tayari. Mzee aliyekubali kunifundisha alizishika moja moja, akazisifu, akazirudisha mfukoni. Akanipa brashi pana, bakuli la maji na rundo la karatasi tupu. Siku tatu sikuchonga chochote. Nililowesha karatasi, basi.

Wakati ule niliona ananionea. Leo, ukinijia unataka kujifunza, nitakufanyia vivyo hivyo.

Sababu yenyewe ni hii. Rangi za mokuhanga ni za maji, hakuna mafuta ndani yake. Ubao unakunywa maji, karatasi inakunywa, na hewa ya chumba nayo inaiba yake. Picha inatokea pale ambapo vyote vitatu vimekubaliana. Karatasi ikiwa kavu mno, rangi inashika hapa inaruka pale, unabaki na vidoa vidoa ambavyo Wajapani huviita goma, yaani ufuta. Wapo wachapaji wanaoutafuta ufuta huo makusudi kwa urembo, lakini wewe bado hujafika huko. Wako ni ajali. Ikiwa imelowa mno, mistari inaota ndevu na rangi inavuka mpaka.

Namna ya kulowesha: unatandaza karatasi moja, unaipitishia brashi yenye maji kutoka katikati kwenda pembeni, unaweka kavu moja au mbili juu yake, unalowesha inayofuata, hivyo hivyo mpaka rundo liishe. Unalifunga kwenye nailoni, unaweka ubao juu, unalala. Asubuhi maji yameshajigawa yenyewe, kila karatasi imepata sehemu yake. Kipimo changu ni shavu. Chukua karatasi ya katikati uiguse shavuni: uhisi ubaridi, lakini ukijipapasa usikute maji. Ukiitikisa isilie kama gazeti, ianguke kimya kama kitambaa.

Na hapo inabidi niseme jambo kuhusu karatasi yenyewe, maana ya ofisini haiwezi kazi hii. Itanyofoka kwenye rangi ya pili. Karatasi ya kazi hii hutengenezwa kwa nyuzi za gome la kozo, mti ulio ndugu wa mforosadi. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana karatasi inavumilia kuloweshwa na kusuguliwa mara kumi na zaidi bila kuchanika. Mashuhuri kuliko zote ni hosho ya Echizen, mkoani Fukui. (Mti huo huo uliwahi kuletwa Uganda, na katika msitu wa Budongo umegeuka gugu linalosumbua miti ya wenyeji. Nikipita na kuwaza ni karatasi ngapi zimesimama pale, roho inauma.) Unaponunua, uliza kama imepakwa dosa, yaani maji ya gundi ya ngozi za wanyama yaliyochanganywa na shabu. Dosa ndiyo inayozuia rangi isisambae ovyo. Mwanzoni nunua iliyokwisha kupakwa. Kupaka mwenyewe ni somo lingine refu, na utaharibu karatasi za bei.

Usijilaumu kwamba kazi inakushinda kwa haraka. Zamani za Edo, yaani Japani ya karne ya 17 hadi ya 19, hakuna mtu mmoja aliyefanya yote haya. Alikuwepo hanmoto, mwenye duka na mtaji, aliyeamua kitu gani kitauzika. Eshi akachora, horishi akachonga, surishi akachapa. Picha za rangi nyingi zilizoshika soko kuanzia mwaka 1765, wakati wa mchoraji Suzuki Harunobu, zilitoka kwenye mikono ya watu hao wote, ingawa jina tunalolikumbuka ni la mchoraji. Hata Hokusai, mchoraji mashuhuri wa picha hizi, kabla ya kuwa Hokusai, alikaa ujanani akijifunza kuchonga mbao. Habari ya mtu mmoja kuchora, kuchonga na kuchapa peke yake ilikuja na kundi la sosaku hanga, yaani uchapaji wa ubunifu, baada ya msanii Yamamoto Kanae kutoa picha yake ya mvuvi mwaka 1904. Kwa hiyo wewe unayeanza mezani kwako umejitwisha kazi za watu watatu, na ya nne ya kutafuta wanunuzi. Chora kitu kidogo, cha ukubwa wa postikadi, rangi zisizidi tatu.

Ubao sasa. Mabwana wa zamani walitumia yamazakura, mcheri wa mlimani: mgumu, nyuzi zimebana, mstari mwembamba unasimama bila kumeguka. Ubao hupasuliwa kwa urefu wa mti, nyuzi zikilala. Ni ghali. Wanafunzi huanza na plaiwudi ya mti unaoitwa shina, jina linalomchekesha kila Mswahili dukani, na kwa kweli inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Niliporudi nyumbani nilijaribu mvule, kwa kiburi tu cha kutaka kutumia mti wa kwetu. Mvule ni mbao nzuri ya mlango, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa na nyuzi zinapishana; kisu kinakwenda kulia chenyewe wakati wewe unataka kushoto, na kila kinyweleo kinajichapa kwenye karatasi. Nikarudi kwenye plaiwudi nikiwa nimetulia.

Mkono wa fundi wa milango nao ulinisumbua. Mjomba alinifundisha kutazama kina: ua la mlango linapendeza kwa kivuli kilichomo ndani yake. Huku kwenye uchapaji, ndani ya shimo hakuonekani. Kinachochapa ni kile kilichobaki juu, na ilinichukua wiki nyingi kuacha kurembesha mashimo.

Mchoro hauchorwi kwenye ubao moja kwa moja. Unachora kwenye karatasi nyembamba sana, unaibandika uso chini kwa gundi ya mchele, kisha unaisugua mgongo kwa vidole, taratibu, mpaka ibaki utando tu na mistari ionekane. Hapo mchoro umeshageuka wenyewe, kushoto kumekuwa kulia, na maandishi yanasomeka kinyume kama inavyotakiwa. Ukichapa yatakaa sawa. Kila darasa lina mtu mmoja anayejitia ujanja wa kuyageuza kwanza.

Kisu kikuu ni hangi-to. Kinashikwa kwa ngumi, kidole gumba juu ya mpini, na mkono wa pili unakiongoza karibu na makali. Kilaze kidogo ili mteremko uanzie kwenye mstari na kupanuka kuelekea chini, mfano wa kilima. Ukikisimamisha wima, au mbaya zaidi ukakata kwa kuingia chini ya mstari, utabaki na ukuta mwembamba usio na msingi, utameguka siku ya kwanza ya kuchapa. Pitisha kisu pande zote mbili za mstari kwanza, kisha ndipo uondoe mbao za pembeni kwa patasi. Noa kabla hujaona haja ya kunoa. Kuhusu nywele: katika picha za wanawake za zamani, nywele zinazoota pembezoni mwa paji la uso huitwa kewari, na hazikuwa za mwanafunzi. Kulikuwa na wachongaji wa vichwa na wachongaji wa nguo na miili, na wa mwili hakugusa kichwa. Nami nakusihi usiguse bado.

Nimefika kwenye kento, alama zilizonitoa machozi. Ni vikato viwili vinavyochongwa kwenye ukingo wa kila ubao. Kimoja, kagi, kiko pembeni kama herufi L, hapo ndipo kona ya karatasi inapokaa. Cha pili, hikitsuke, ni mstari mfupi ulionyooka kwenye ukingo huo huo, kinashika upande wa karatasi. Kina chake ni kidogo tu, karatasi ipate pa kuegemea. Rangi kumi, mbao kumi, na zote zinakutana mahali pamoja kwa sababu ya vikato hivyo viwili.

Mimi nilikuwa nimechonga siku kumi na moja, uso wa mwanamke, jioni inaingia, nimechoka. Nikasema nimalizie kusafisha pembeni kwa patasi pana na nyundo ya mbao. Pigo moja, kona yote yenye kagi ikaruka chini ya meza. Mzee hakusema kitu. Alikata pengo safi, akachonga kipande cha mcheri kikaingia kwa kubana, akakigundisha, akaniambia nirudi kesho nichonge kagi upya. Niliichonga, ikapotoka kwa unene wa ukucha. Wekundu wa midomo ukatua kidevuni. Nina karatasi moja ya picha hiyo ukutani hadi leo. Tangu hapo, kabla sijashika nyundo, nakizungushia kento wino mweusi na kuandika pembeni: ACHA.

Lakini sikiliza na nusu ya pili ya kisa hiki. Nilirekebisha kagi mara ya tatu, ikawa sawa kabisa, na bado karatasi za mwisho za rundo zilitoka na midomo iliyohama. Nilishapandisha hasira kwa kento. Mzee akaja, akagusa karatasi, akasema neno moja: kavu. Nilikuwa nimeziacha wazi mezani wakati wa chakula cha mchana. Karatasi ya kozo ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa, na kusinyaa kwa milimita moja kunatosha kukuhamisha mdomo. Rangi ya kwanza niliichapa kwenye karatasi kubwa, ya tatu kwenye karatasi ndogo, nami nikailaumu alama. Basi kama rangi hazikutani, pima unyevu kabla hujagusa kento kwa kisu.

Kuchapa kwenyewe ni dakika moja au mbili kwa karatasi. Ubao ulowe kwanza, na karatasi mbili tatu za mwanzo zihesabu kuwa za kuuamsha. Weka matone machache ya rangi, na tone la nori, yaani uji mzito wa unga wa mchele. Nori inaipa rangi mwili, bila hiyo inatawanyika kama maji ya kufulia. Ikizidi, karatasi inanata na rangi inajaa kwenye kingo. Changanya hapo hapo juu ya ubao kwa brashi, malizia kwa mikono myepesi kufuata nyuzi. Brashi mpya za nywele za farasi lazima zilainishwe. Wenyewe husugua ncha zake kwenye ngozi kavu ya papa mpaka zipasuke. Makosa ya wageni wote ni kuweka rangi nyingi. Ukiona ubao unang'aa kama umemwagiwa, umeshazidisha.

Kisha weka karatasi kwenye kagi, telezesha kwenye hikitsuke, shusha, sugua mgongo wake kwa bareni. Bareni ni kisahani kinachofunikwa ngozi ya mwanzi. Ile halisi ndani yake ina kamba ya nyuzi za mwanzi iliyozungushwa mfano wa mkeka. Bei yake inaweza kukufukarisha, kwa hiyo nunua ya wanafunzi, ila jifunze kuifunga upya mwenyewe, maana kifuniko kinachanika haraka. Ipake mafuta kidogo ya kamelia iteleze. Nguvu itoke begani na kwenye uzito wa mwili. Ukitumia kiganja tu, usiku hutashika kijiko.

Ukishazoea hayo, jaribu bokashi, ule mfifio wa anga unaouona katika picha za mchoraji Hiroshige, buluu nzito juu kabisa inayoyeyuka kuwa nyeupe. Mara nyingi buluu hiyo ni bero-ai, rangi iliyogunduliwa Berlin na kulibeba jina la mji wake hadi Japani. Hakuna kilichochongwa pale, ubao ni bapa. Unaupitishia kitambaa chenye maji sehemu unayotaka ififie, unatia rangi upande mmoja wa brashi, unaipeleka kushoto na kulia kwenye mstari mmoja mpaka rangi na maji vipatane mbele ya macho yako. Karatasi inayofuata, unaanza upya. Ndiyo maana picha mbili za ubao mmoja hazifanani anga.

Mwisho, la watu wa joto kama sisi. Karatasi iliyolowa, ikikaa Dar es Salaam siku tatu, inaota ukungu, madoa ya njano na meusi yasiyotoka. Kama kazi haijaisha, usiikaushe ili uje kuilowesha tena, kwa sababu ya ule msiba wa kusinyaa. Ifunge vizuri kwenye nailoni uitie kwenye friza, hata wiki mbili, kisha uitoe ikayeyuke pole pole usiku kabla ya kuendelea. Mimi nafanya hivyo kila mara. Mke wangu, baada ya kukaribia kuiunga kwa nazi, ameandika juu ya mfuko kwa kalamu nzito: SI NGURU.