Kamba, Bikoni na Hati: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga kuhusu Kumega Viwanja

Barua tano tulizozichagua mwezi huu zimetoka Tanga, na kila moja inauliza kwa njia yake ni lini kipande cha ardhi kilichokatwa kwa kamba kinahesabiwa kuwa kiwanja mbele ya sheria. Majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Nina kiwanja chenye hati huko Mwakidila, ukubwa wake mita za mraba 1,900. Nataka kubaki na theluthi moja na kuziuza mbili zilizobaki. Dalali ananiambia nikate na kuuza tu, hati itafuata baadaye. Je, ni kweli?

Si kweli, ndugu yangu. Hati yako inataja kiwanja kimoja, chenye namba moja, ndani ya kitalu kimoja, kwa mujibu wa ramani moja ya upimaji. Ukimuuzia mtu theluthi yake leo, katika daftari la Msajili wa Hati kiwanja chote kitaendelea kusomeka kwa jina lako, na mnunuzi atakuwa ameshika karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi basi. Siku atakapokwenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi ataulizwa namba ya kiwanja, na namba pekee atakayoweza kuitaja ni ya kwako. Ukifa kabla ya jambo hilo kunyooshwa, atalazimika kuanza kuzungumza upya na warithi wako, ambao huenda hawajapata hata kumwona.

Kumega kiwanja kilichopimwa ni kubadilisha mpango wa mji, hata kama badiliko lenyewe ni dogo. Ndiyo maana maombi huanzia kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ni halmashauri, na kwa upande wako ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Utaandika barua ya maombi, uambatishe nakala ya hati, uthibitisho kwamba hudaiwi kodi ya pango la ardhi, na mchoro wa mapendekezo uliotayarishwa na mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa. Kama hati imewekwa rehani, benki lazima ikubali kwa maandishi; na kama katika kiwanja hicho kuna nyumba mnayoishi na mwenzi wako, ridhaa yake si jambo la hiari.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya vitu viwili vinavyofanana kwa macho. Mchoro wa mipangomiji unaonyesha jinsi ardhi itakavyogawanywa na kutumiwa, wakati ramani ya upimaji inaonyesha mipaka iliyopimwa na kuwekewa alama ardhini, yaani zile nguzo fupi za saruji tunazoziita bikoni. Mchoro hutangulia na ramani hufuata. Nimewahi kuonyeshwa kiwanja ambacho mwenyewe alimlipa kwanza mpima, bikoni zikachimbiwa, saruji yake ikiwa bado mpya, kisha mchoro ukakataliwa kwa sababu kipande cha nyuma kilikuwa kimeachiwa kijichochoro ambacho hata mkokoteni ungekwama. Bikoni zile bado zipo, na kuku wanalala juu yake, lakini hazina maana yoyote kisheria.

Basi mwambie mchoraji wako mapema kwamba kila kipande kiwe na njia yake inayofika barabarani, na uwe tayari kuona eneo la njia hiyo likitoka katika zile mita 1,900. Baada ya mchoro kuidhinishwa, mpima aliyesajiliwa atapima na ramani yake itapelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani ili iidhinishwe. Mwishoni utairejesha hati yako ya zamani, na kwa jina lako zitatoka hati mpya tatu, kila moja na namba yake ya kiwanja. Kuanzia hapo unaweza kuuza mbili. Mnunuzi mwenye haraka anaweza kuingia nawe mkataba wa awali unaosema wazi kwamba malipo ya mwisho yatafanyika hati ya kipande chake itakapotoka, na ningemshauri asikubali sharti lililo pungufu ya hilo.

Katika tangazo la viwanja nilisoma kwamba vya "ujazo mkubwa" ni bei nafuu kuliko vya "ujazo mdogo." Nilidhani wamekosea kuchapa.

Hawakukosea. Ujazo unaotajwa ni wa nyumba na watu katika eneo, si wa kiwanja. Eneo la ujazo mkubwa lina viwanja vidogo vilivyo karibu karibu. Eneo la ujazo mdogo lina viwanja vikubwa vichache. Na kati yake upo ujazo wa kati. Ni msamiati wa maofisa uliotolewa hadharani bila maelezo, na sishangai kuwa umewapotosha wengi. Kwa mtu anayetaka kumega, neno hilo lina uzito wake, kwa kuwa kila kundi lina kiwango chake cha chini cha ukubwa wa kiwanja. Kipande kinachokubalika katika eneo la ujazo mkubwa kinaweza kukataliwa katika eneo la ujazo mdogo, hata kama viwanja vyote viwili vimepakana na barabara ileile. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, uliza kiwanja chako kimo katika kundi gani.

Marehemu baba ametuachia nyumba Ngamiani, kiwanja cha mita za mraba 480. Tumebaki mama, kaka zangu wawili na sisi mabinti watatu. Mafungu ya mirathi tumeshayapata kwa sheria ya Kiislamu, na sasa kaka mkubwa anataka kiwanja kikatwe kwa mafungu hayo, kila mtu apewe hati yake. Inawezekana?

Poleni sana kwa msiba, dada yangu. Kwa hesabu ya mafungu, mama yenu ana thumni, yaani moja ya nane, na saba zinazobaki zinagawanywa ili mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Hapo kila binti anapata moja ya nane na kila kaka mbili za nane. Ukiyageuza mafungu hayo kuwa ardhi, wewe, dada zako na mama mnapata mita za mraba 60 kila mmoja, na kaka zenu 120 kila mmoja. Hakuna mamlaka ya upangaji itakayoidhinisha kiwanja cha makazi cha mita 60, ambamo nyumba, choo na shimo la maji machafu vinagombea nafasi ya kupumua. Isitoshe, kama nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, yenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, mpaka wa kaka yako utapita katikati ya ukumbi, na uani hapatakuwa na wa kukubali kisima kiwe cha mwenzake.

Mafungu ya mirathi ni mafungu ya thamani ya mali, na hayadai kwamba kila mrithi akabidhiwe udongo wa kupimwa kwa futi. Kwa hiyo mnazo njia kadhaa, na ya kwanza katika zote ni kumpata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu hadi hapo hakuna miongoni mwenu mwenye mamlaka ya kutia sahihi jambo lolote juu ya kiwanja hicho, awe kaka mkubwa au mama. Msimamizi akishasajiliwa katika hati anaweza kuihamishia kwenu nyote kwa umiliki wa pamoja wenye mafungu, na hisa za kila mmoja zikaandikwa, moja ya nane au mbili za nane. Angalieni sana maneno hayo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inatambua pia umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambao mmoja akifariki sehemu yake huwaangukia wenzake waliobaki badala ya watoto wake. Ndugu wengi wametia sahihi aina hii wakidhani ni ile.

Njia nyingine ni kaka mwenye uwezo kununua mafungu ya wenzake kwa bei ya mthamini, au kuuza nyumba yote na kugawana fedha, jambo ambalo mama yenu asiharakishwe kulikubali akiwa bado anaishi humo. Na kama familia ina uwezo wa kujenga ghorofa, ipo sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo chini yake kila mmoja anaweza kupata hati ya sehemu yake ya jengo, ile ambayo watu wa ardhi huiita hati pacha, huku kiwanja chenyewe kikibaki kimoja. Kwa Ngamiani, ambako viwanja ni vidogo tangu mji ulipopangwa, naiona hii kuwa na mustakabali kuliko kamba ya kaka yako.

Nimenunua "ishirini kwa ishirini" katika shamba la mzee mmoja njia ya Pongwe. Mwenyekiti wa mtaa alishuhudia na kugonga mhuri. Nataka hati, nianzie wapi?

Anza kwa kupima upya, maana nina shaka na hizo ishirini zako. Je, mlipima kwa utepe au mzee alitembea? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua ishirini ni mita 15, na ishirini kwa ishirini ya hatua ni mita za mraba 225. Aliyelipia mita ishirini kwa ishirini alilipia 400. Tofauti hiyo ya mita 175 haina mwizi wa kumkamata, kwa sababu kila mmoja alikuwa mkweli kwa kipimo chake. Katika maandishi ya mauziano andikeni neno "mita" au "hatua" kwa herufi, msiache tarakimu zikasimama peke yake.

Mhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba mauziano yalifanyika na kwamba majirani walikubali mipaka. Serikali ya mtaa haina mamlaka ya kutengeneza kiwanja. Shamba la mzee halijapangwa wala kupimwa, kwa hiyo kwenu hakuna cha kumega bado. Kinachotakiwa ni mpango wa eneo zima, na kama tayari mmeshajenga nyumba nyingi, mpango huo huitwa urasimishaji. Nenda idara ya ardhi ya Jiji uulize kama eneo lenu limo katika mchoro wowote. Kama halimo, wanunuzi wote wa shamba hilo mkae pamoja na mzee, mmtafute mtaalamu mmoja na mpima mmoja, kwa kuwa mtu mmoja kupimiwa kipande chake katikati ya shamba lisilo na barabara ni gharama ya bure. Mtakapochorewa barabara, baadhi yenu mtapungukiwa. Kubalianeni mapema jinsi ya kumfidia atakayepoteza zaidi.

Na ikiwa shamba linagusa barabara kuu ya kwenda Segera, mita 30 kutoka katikati ya barabara ni hifadhi ya barabara, hata kama mzee amepanda mihogo humo miaka yote. Likitokea la kutoelewana, baraza la kata litawasuluhisha lakini halitawahukumu, kwani tangu marekebisho ya mwaka 2021 uamuzi unaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna eneo la ufukweni upande wa Sahare linalouzwa vipande virefu vya mita 20 kwa 80, kila kimoja kikigusa bahari. Muuzaji anasema zile mita 60 ni za mahoteli tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikubagua hoteli na nyumba ya mtu. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Katika kipande cha urefu wa mita 80, sitini ni za kuangalia tu, na kinachobaki cha kujengea ni mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400 katika 1,600 unazolipia. Muuzaji amekata vipande virefu ili kila mnunuzi aone maji, na kwa biashara amefikiri vizuri. Mkata ardhi mwaminifu angeuacha ukanda wa mbele uwe wa wote na kuuza viwanja vya nyuma kwa ukubwa wake halisi.

Kama mbele ya eneo hilo ipo mikoko, jambo linazidi uzito. Mikoko ina ulinzi wa sheria za misitu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja maeneo ya mikoko na miamba ya matumbawe miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Mti ukishakatwa ili "kusafisha mandhari," anayeulizwa ni aliyekutwa na kiwanja.

Swali ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote, ni mita hizo zinahesabiwa kuanzia wapi. Dalali hupeleka wateja wakati wa maji mafu, bahari ikiwa imetulia mbali na mchanga mkavu umetanda, kisha anaanza kupima kutoka ukingo wa maji ya siku hiyo. Ofisi ya ardhi ikuonyeshe mstari wake kwenye ramani. Nawe kwa upande wako ngoja bamvua la mwezi mpevu, yaani siku za maji makubwa, uende na utepe saa ya maji kujaa, ukatafute ile mistari ya mwani na vifuu vya nazi vinavyoachwa na wimbi, na uanze kuhesabu sitini kutoka hapo.