Kamera Imeonyesha Tumbo Safi, Mbona Bado Linasokota?

Swali: Nina miaka 31, nashona nguo Moshi mjini. Mwaka wa pili sasa tumbo linasokota na kujaa gesi. Choo mara kigumu, mara maji, na nikitoka chooni napata nafuu. Nimemeza dawa za taifodi na za amiba hadi nimechoka. Nimepigwa kamera, naambiwa sina kitu. Ina maana najifanyisha?

Jibu: Hujifanyishi. Kamera huona ukuta wa utumbo: kidonda, uvimbe, damu. Haioni jinsi utumbo unavyojiminya wala mishipa ya fahamu inavyokuza maumivu. Maelezo yako yanaelekea kwenye kile madaktari wanachokiandika IBS, yaani utumbo unaosumbua bila kidonda wala uvimbe. Vigezo vya Rome IV, mwongozo wa madaktari wa kutambua matatizo ya aina hii, vya mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, yakiwa yameanza si chini ya miezi 6 nyuma, pamoja na mawili kati ya haya matatu: yanahusiana na kwenda haja, idadi ya kwenda choo imebadilika, au sura ya choo imebadilika.

Dawa za taifodi acha kwanza. Widal, kipimo cha damu cha taifodi, husoma kingamwili, na aliyewahi kuugua anaweza kuonekana anayo hata leo. Antibayotiki zisizo na sababu huvuruga bakteria wa utumbo na kukuongezea kuhara.

Anzia jikoni. Maharage ya makande yana sukari ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, ndiyo hiyo gesi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, kisha kula kidogo, si bakuli zima. Kitunguu nacho kina sukari za aina hiyo, ila zinayeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa, vitoe, ndipo uweke nyanya: ladha inabaki. Punguza pia maziwa ya moto na chapati za ngano kwa wiki 2 hadi 6, halafu rudisha kimoja kimoja, siku 3 kila kimoja, ukiandika. Wengi hukosea hapa: wakipata nafuu hawarudishi kitu, wanakonda bure.

Damu kwenye choo, kupungua uzito, upungufu wa damu, au maumivu yanayokuamsha usiku si IBS mpaka daktari athibitishe. Mwone mapema.

Swali: Nina kisukari miaka 14, naishi Njiro, Arusha. Nikila ugali jioni, asubuhi bado nimeshiba, wakati mwingine natapika chakula cha jana.

Jibu: Mfuko wa chakula hujiminya mara 3 kwa dakika, kwa mdundo unaotolewa na seli za Cajal, na husaga chakula kigumu hadi vipande vya milimita 1 au 2 kabla ya kukiruhusu kupita. Sukari ya miaka mingi huharibu seli hizo pamoja na neva ya vagasi, mshipa wa fahamu utokao kwenye ubongo, inayoziongoza; ndipo chakula hukwama tumboni.

Kwanza kamera, ili kuhakikisha njia haijaziba. Kisha kipimo cha kasi ya mfuko kumwaga chakula: unakula mayai, ute tu, yaliyotiwa chembechembe za mionzi kidogo, mkate vipande 2, jemu na maji mililita 120, unapigwa picha papo hapo na baada ya saa 1, 2 na 4. Chakula kikibaki zaidi ya asilimia 10 saa ya 4, mfuko umechelewa. Kipimo huharibika sukari ikiwa juu sana siku hiyo, au ukiwa umemeza tramadol, dawa kali ya maumivu. Mweleze daktari dawa zako zote siku kadhaa kabla.

Wakati unasubiri, kula kidogo mara 5 au 6. Mtori laini usio na mafuta mengi unapita kirahisi kuliko bonge la ugali na nyama ya kuchoma. La hatari zaidi ni insulini: ukichoma kabla ya kula na chakula kikakwama, sukari inashuka ghafla. Muda wa sindano upangwe upya na daktari wako.

Swali: Napata choo mara 3 tu kwa wiki. Ni ugonjwa?

Jibu: Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki ni kawaida, kikiwa laini na hujikamui. Kikiwa vigololi, nenda chooni dakika chache baada ya kifungua kinywa, utumbo mpana unapoamshwa na chakula, na kwenye choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu.