"Imebaki finishingi ndogo tu": maneno ya dalali yaliyonila milioni 19

Juzi usiku msomaji mmoja wa Mbagala alinitumia picha ya tangazo, chini yake ameandika: "Dada, hii wanasema boma limepauliwa, masta moja, ipo kwenye mchoro. Milioni 22. Nitoe kishika uchumba au nisubiri?" (Kishika uchumba ni malipo ya awali ya kushikilia nyumba; masta ni chumba chenye choo na bafu ndani.) Nilikuwa nimeshazima taa. Nikawasha tena, nikakaa kitandani, tumbo linanikoroga, maana lile tangazo ni kama la kwangu limebadilishwa mtaa.

Wengi mnaonisoma hapa mmepanga na mmechoka. Umechoka kulipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, umechoka kuchangia Luku na mtu anayepiga pasi nguo za wiki nzima. Kwa hiyo sitaki hata kuwauliza kama mnataka nyumba.

Mwaka 2019 nilikuwa na mkopo wa SACCOS mkononi na kichwa kimevimba. Mwalimu wa sekondari, sijaolewa, na shemeji yangu alishatamka kwenye kikao cha familia kwamba mwanamke akinunua nyumba peke yake ananunua kesi. Nilitaka nimkomeshe. Tangazo lilisema: "Nyumba ya kujitegemea Kivule, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo, ina hati, imebaki finishingi ndogo tu. Milioni 34, maongezi yapo."

Dalali alinipeleka jioni, giza linaingia. "Mwalimu, hapa ni rangi na mapazia, unahamia." Nikaona bati jekundu, nikaona dirisha kubwa la sebule, kochi langu nikaliona limeshakaa pale. Nikapunguziwa milioni moja, nikajiona mjanja. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimemaliza kulipa.

Fundi niliyempeleka (baada ya kulipa, ndiyo, baada ya kulipa) alikuwa mzee mpole asiye na maneno mengi. Alichukua ufunguo wangu, akakwaruza kati ya tofali na tofali. Mchanga ukamwagika kama sukari kwenye mfuko uliotoboka, ukaingia kwenye kiatu changu. Tukaenda kwenye hiyo masta. Pale pa choo palikuwa na bomba la inchi nne limechomoza sakafuni, mdomo umezibwa kwa mfuko wa rambo, ile ile iliyopigwa marufuku Juni ya mwaka huo. Tukazunguka nje kulifuata bomba. Lilitoka nyuma ya ukuta, likaishia kwenye majani. Chemba hakuna, karo, yaani shimo la maji taka, hakuna. Mzee akajifuta mikono. "Mama, hii ni masta ya jina."

Finishingi ndogo ilikuwa hivi: lipu ya ndani, wayaringi, dari, fremu na milango, grili, vioo, tailizi, maji, na shimo la karo lenyewe. Milioni 19. Miaka mitatu iliyofuata siielezi, ilikuwa saruji na madeni.

Sasa maneno yenyewe. Boma ni kuta zimesimama, mara nyingi zimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, juu mbingu. Pagale ni boma lile lile lililotelekezwa: mvua imelipiga, mbuzi wanalala humo, na muuzaji ataliita boma kila siku. "Limepauliwa" mwingine anamaanisha mbao zimepanda tu, mwingine anamaanisha na bati juu. Uliza bati. Ukishaambiwa "finishingi", usiulize imebaki kiasi gani. Uliza nini hakipo, kimoja kimoja, na fundi wako akiwa amesimama pembeni.

"Kujitegemea" ndilo neno linalowachezea wengi. Chumba cha kujitegemea ni chenye choo na bafu ndani. Nyumba ya kujitegemea ni iliyo peke yake kwenye uzio wake. Mwalimu mwenzangu alikwenda Tabata kuona nyumba ya kujitegemea, akakuta ni mbili kwa moja, paa moja, ukuta mmoja katikati, taarifa ya habari ya jirani anaisikia yote. Akamuuliza dalali, akajibiwa: "Si kila upande una choo chake?" Kwa Kiswahili hicho hakusema uongo.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba vitatu kila upande, choo uani, mimi naiheshimu, nimekulia humo. Ila ukiuziwa Kariakoo au Magomeni, ujue bei ni ya kiwanja, nyumba mnaihesabu kama kifusi. Na "apatimenti inauzwa" ina swali lake: unapewa hati ya sehemu yako ya jengo, ile iliyoletwa na sheria ya mwaka 2008, au unapewa ufunguo na maneno matamu?

"Ina hati" ilinimaliza mimi. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya mauziano, ina mhuri wa serikali ya mtaa, na nilidhani ndiyo hati. Siyo. Ile inathibitisha mliuziana. Hati miliki ni ile ya Sheria ya Ardhi ya 1999, yenye miaka yake, 33, 66 au 99. Leseni ya makazi nayo ni kitu kingine, ina muda mfupi na inahuishwa. "Ipo kwenye mchoro" maana yake mipango miji wameshachora, na kwenye huo mchoro sebule yako inaweza kuwa barabara. Nenda halmashauri ukauone. Kama kuna mto karibu, chukua futi kamba: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Waliovunjiwa nyumba kwa kujenga bondeni, kule Bonde la Mkwajuni, Dar es Salaam, nao walikuwa na nyumba zenye mapazia.

Tena mke wa muuzaji asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja kimyakimya. Kwangu hakusaini, na kwa miaka miwili kila mwanamke nisiyemjua akipiga hodi moyo ulikuwa unanishuka.

Acheni haraka, jamani. Acheni kununua nyumba ili kumkomoa mtu. Fundi kwanza, pesa baadaye. Nenda mchana. Fundi kwanza, narudia.

Na mimi mwezi uliopita nimechukua hati, jina langu limeandikwa vizuri. Shemeji alikuja kula pilau, akazunguka nyumba nzima akitafuta kasoro, akaipata swichi ya korido, imepinda kidogo. Sijairekebisha. Akija tena aikute.

Mdogo wangu wa Mbagala, usitoe hata shilingi. Kesho saa sita mchana nenda na fundi, mzunguke nyuma, mfuate bomba la hiyo masta hadi linapoishia. Halafu nitumie picha ya karo. Ya sebule nimeshaiona.