Kulia ni kwa mgonjwa, si kwako

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi hapa Mombasa niliandika kwenye ripoti kwamba kidonda kiko mguu wa kulia. Kumbe ni wa kushoto. Nilikuwa nimesimama mbele ya mgonjwa, nikafuata kulia kwangu mimi. Mwalimu akaniita kando: "Mwanangu, mgonjwa si kioo."

Ukipanda feri kutoka kisiwani kwenda Likoni, bahari kuu iko kushotoni kwako. Ukirudi, iko kuliani. Bahari haijahama, uliyegeuka ni wewe. Ndiyo maana katika anatomia kuna mkao mmoja tu: mtu amesimama wima, uso mbele, mikono ubavuni, viganja vimeelekea mbele. Hata akiwa amelala kifudifudi, mtaje kana kwamba amesimama hivyo, na kulia kuwe kulia kwake.

Viganja ndivyo vinavyowaangusha wanafunzi wengi. Weka mikono mezani, viganja chini: dole gumba litaelekea katikati ya mwili, nawe utaandika ni mediali, yaani upande wa katikati ya mwili. Umekosea. Simama, geuza viganja mbele, uone gumba likienda nje. Gumba ni laterali, yaani upande wa nje; kidole kidogo ndicho mediali. Mifupa ya kigasha inafuata hivyo hivyo: radiasi upande wa gumba, ulna upande wa kidole kidogo. Ukigeuza kiganja nyuma, radiasi hupita juu ya ulna, na hapo ndipo aliyekariri tu hupotea. Mimi nilisimama chumbani kila usiku nikiipapasa mifupa yangu mwenyewe mpaka ikakaa kichwani. Nakusihi ufanye hivyo.

Superia na inferia ni juu na chini, anteria na posteria ni mbele na nyuma, hayo hayasumbui. Proksimali (karibu na shina) na distali (mbali na shina) yanataka ujue shina. Shina la mkono ni bega, kama kisiwa kilivyo kwa barabara ya bara: Changamwe huja kabla ya Miritini. Kiwiko ni proksimali kwa kifundo cha mkono, lakini ni distali kwa bega. Usiseme "proksimali" ukanyamaza; taja ni kwa kitu gani.

Na siku utakapopima presha wodini, mshipa unaousikiliza uko mbele ya kiwiko, upande wa mediali wa ile kano ngumu ya katikati. Upapase kwanza kwa vidole, ndipo uweke stethoskopu.