Kwa wanaoanza kutafiti seli nyeupe

Karibuni. Nitasema zaidi juu ya nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, maana ndizo zinazowasumbua wageni wengi wa maabara. Kwa kawaida mtu mzima anazo nyingi kuliko seli nyeupe za aina nyingine, lakini hazidumu, wala huwezi kuzigandisha leo ukazipima mwezi ujao kama tunavyofanya kwa limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe. Damu ikitolewa saa nane mchana, saa nane hiyo hiyo uwe umeshaandaa vitendanishi na meza yako.

Kisha jifunze kuzishika. Ukitikisa bomba kwa nguvu, ukizihamisha ghafla kutoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, au maji unayotumia yakiwa na mabaki ya sumu za bakteria, nyutrofili huamka na kuanza kumwaga silaha zake, yaani kemikali za kuulia vijidudu. Utaiona inflamesheni, yaani mwako wa kinga ya mwili, kwenye grafu, utadhani ni ya mgonjwa, kumbe imezaliwa mezani pako. Ndiyo maana kila sampuli ya mgonjwa iende sambamba na damu ya mtu mwenye afya, iliyotolewa muda uleule na kuandaliwa na mtu yuleyule.

Msikimbilie mashine. Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake unapenyeza mwanga, akaona seli zimeuzingira mwiba. Kutazama huko kulimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya 1908, aliyoshirikiana na Paul Ehrlich. Nanyi pakeni damu kwenye kioo, itieni rangi ya Giemsa, muitazame kwa hadubini kabla ya kuamini namba yoyote.

Namba zenyewe ndizo zinazoniuma. Vitabu vingi huweka mpaka wa chini wa nyutrofili kuwa 1,500 kwa kila maikrolita. Waafrika si wachache walio chini ya hapo na ni wazima kabisa, kwa sababu wamerithi badiliko la jeni ya ACKR1 linaloondoa alama ya Duffy kwenye seli nyekundu. Badiliko hilohilo huwapa kinga kubwa dhidi ya malaria inayoletwa na kimelea cha vivax. Mtu wa namna hiyo anaweza kukataliwa kwenye jaribio la dawa, au kupunguziwa dozi ya matibabu ya saratani, bila kosa lolote la mwili wake. Ukipewa orodha ya vigezo vya washiriki, uliza viwango hivyo vilipimwa kwa watu gani, na uulize kabla mshiriki wa kwanza hajasajiliwa.