Usimwage msingi wiki ijayo. Mimi nilimwaga

Simamisha hilo lori la kokoto. Umeandika kwamba ploti yako iko Kitengela, karibu na Nairobi, futi 50 kwa 100, udongo mweusi, unataka nyumba ya vyumba vitatu, na fundi amekwambia umwage msingi wiki ijayo bila kungoja idhini ya kaunti kwa sababu kanuni mpya za ujenzi "ni za maghorofa". Ndugu yangu, mimi niliambiwa maneno hayo hayo 2018, Kitengela hiyo hiyo. Wakati huo wimbo ulikuwa kwamba kanuni za 1968 zimepitwa na wakati, nani anazifuata.

Nilimwaga Agosti, kukiwa kukavu. Udongo mweusi ukikauka, jembe linadunda. Mitaro ilishuka futi mbili na nusu, fundi akagonga chini kwa mtaimbo ukalia, akasema, "Hapa ni mwamba, mkubwa." Haukuwa mwamba. Udongo ule hunywa maji ukavimba, na ukikauka unasinyaa na kuacha nyufa za kuingiza mkono. Ukijenga juu yake, kila msimu nyumba inainuliwa na kushushwa, na wala haiinuliwi sawasawa: pembeni panalowa kwanza, katikati bado pakavu.

Mvua za vuli za 2019 mnazikumbuka. Ufa wa kwanza ulitokea kona ya dirisha la jikoni, ukashuka mshazari hadi sakafuni. Mke wangu akawa anaweka alama ya penseli pale ulipoishia, na tarehe kando yake. Kufika Desemba alama zilikuwa tano, na sarafu ya shilingi kumi inapita kwenye ufa. Mlango wa chumba cha watoto ukakataa kufunga. Nikaita seremala akaupiga randa. Kiangazi kiliporudi ukabaki na mwanya juu ambao popo angepita. Nikaziba nyufa kwa simiti, nikapaka rangi, zikafunguka palepale.

Mhandisi nilimwita 2020. Alichimba shimo moja tu kando ya ukuta. Muramu, ule udongo mgumu wa changarawe usiovimba, tuliukuta karibu futi sita. Yaani nyumba yangu ilikuwa imekaa juu ya futi tatu na zaidi za udongo unaovimba. Tukachimba chini ya kuta kipande kwa kipande na kumwaga zege jipya, tukang'oa sakafu, tukatoa udongo wote, tukajaza mawe na kushindilia. Shilingi milioni 1.3. Msingi wenyewe wa mwanzo ulinitoka 410,000. Lile shimo lililonifumbua macho lilichimbwa na vibarua wawili kwa siku moja.

Fundi nimeshamsamehe. Aliyeniuzia ramani bado. Ilikuwa ramani moja inayouzwa kwa kila mtu, msingi wa futi mbili na nusu umechorwa vizuri kabisa, unafaa udongo mwekundu wa kwingineko, na hakuniuliza hata siku moja ploti iko wapi. Na mkaguzi aliyetakiwa kuona mitaro alipiga simu kuuliza tumefika wapi, akaridhika.

Sasa hizo kanuni. Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024 zilianza kutumika Machi 1, 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968, na aliyekwambia hazihusu nyumba ya vyumba vitatu anakudanganya. Mimi nilizifurahia, tulizingoja mno. Lakini kanuni peke yake haitoshi; kumbuka mtaa wa Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016: lile jengo lililoanguka usiku wa mvua likaua watu wapatao 50 lilikuwa tayari limeamriwa libomolewe. Amri ilikuwepo, na wapangaji walikuwa wamelala ndani. Kwetu mkaguzi hufika nyumba imeshapakwa rangi, na msingi umefukiwa hakuna anayeuona tena.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine: zege lisimwagwe mpaka mhandisi aliyesajiliwa ashuke mtaroni. Ashuke kwa miguu yake, asichungulie kutoka ukingoni. Aandike amekuta nini na kwa kina gani, atie sahihi na tarehe. Jina lake litafute kwanza kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi kabla hujamlipa. Na ramani ipelekwe kaunti baada ya udongo kujulikana, maana kaunti inaidhinisha kilichochorwa, na mchoro haujui ploti yako ina nini chini.

Wiki hii chimba mashimo mawili, kona ya juu na kona ya chini ya ploti. Ukifika mahali panapolia kama mwamba, mwaga ndoo mbili za maji uache zilale. Asubuhi shuka ukanyage. Udongo ukinata kwenye kiatu, bado hujafika, endelea kuchimba. Piga picha za chini kabisa uziweke hapa kabla hujalipia hata mfuko mmoja wa simiti.