Foleni ya kunawa na sabuni isiyokaa

SWALI: Shule yetu ya msingi ina wanafunzi 300 na vibuyu chirizi vinne (vyombo vya kunawia vinavyochirizisha maji kidogo kidogo) karibu na vyoo. Wimbo wa kunawa wanaujua wote, lakini saa ya chakula wanalowesha vidole tu na kukimbilia posho. Sabuni ya kipande haimalizi wiki, huibwa. Tunakosea wapi? (Mwalimu wa afya, Koboko)

JIBU: Mwalimu, anza na hesabu ya foleni. Kulowesha mikono, kusugua sekunde 20 na kusuuza huchukua kama sekunde 40. Watoto 75 kwa kila kibuyu ni dakika 50. Nani atasubiri hivyo na maharagwe yanapoa?

Vibuyu viacheni vyooni. Karibu na jiko wekeni bomba la plastiki la mita 3, mlitoboe matundu 10 madogo kwa msumari wa moto, kila tundu sentimita 30 kutoka jingine. Zibeni ncha moja, ya pili iungeni na pipa lenye koki lililoinuliwa juu ya matofali. Wakinawa kumi kumi, shule nzima inamaliza kwa dakika 20. Koki ifungwe wakati wa kusugua, na chini mwageni kokoto, la sivyo patakuwa tope.

Maji: kadirieni mililita 200 kwa mtoto, yaani lita 60, jerikani tatu za lita 20 kwa kila mlo. Kuchota kuwe kwa zamu iliyoandikwa, kusiwe adhabu ya wachelewaji. Siku wote wakiwahi, pipa litakuwa kavu.

Badala ya kipande, tikiseni gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita 1.5, mtoboe kifuniko, chupa ifungwe kwenye nguzo. Maji ya povu hayana mwizi. Ila bandikeni alama ya kutokunywa. Chupa ya soda humdanganya mtoto wa darasa la kwanza.

Darasani, wapakeni wawili mafuta ya kupikia na vumbi la chaki ya rangi viganjani. Mmoja anawe kwa maji matupu, mwingine kwa sabuni. Wenzao wataona maji yakiteleza juu ya mafuta, na sabuni ikiyabandua pamoja na uchafu. Kisha watafute rangi iliyobaki: mara nyingi ni kwenye vidole gumba, katikati ya vidole na chini ya kucha, ambako mayai ya minyoo hujificha. Kwa hiyo kucha zikaguliwe kila Jumatatu.

Na kama kuna taulo moja ya darasa zima, iondoeni. Wapunge mikono hewani hadi ikauke.